Ndege Wetu Katika Stempu: Historia Iliyobandikwa Kwenye Bahasha



Leo tumeona tutoke kidogo kwenye mada zetu za kila mara tuingie katika historia ambayo wengi wetu tumeishika mikononi, tukaichana na kuitupa jaani pamoja na bahasha yake. Tunakusudia stempu za posta, na hasa zile zenye picha za ndege wa nchi zetu. Huenda msomaji akasema hilo ni jambo la watoto. Na kweli watoto wanalipenda. Lakini atakayetusoma mpaka mwisho ataona kuwa ndani ya vipande hivi vidogo vya karatasi mna habari za wafalme, za misitu, za fedha, na za viumbe ambao watoto wetu huenda wasiwaone.

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa madrasa analijua. Katika Suratun Naml tunasoma habari za Nabii Sulayman (a.s.) na Hudhud, ndege aliyeleta habari za malkia wa Saba, kisha akapewa barua aipeleke. Basi sisi huwaambia wanafunzi kwa mzaha kwamba Hudhud alibeba barua kabla ya tarishi yeyote tunayemjua kwa jina. Ndege huyu yupo mpaka leo katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, mwenye shungi kichwani na mbawa za michirizi meusi na meupe, na mara nyingi huonekana akidonoa chini kwenye nyasi fupi. Mtoto akishajua sura yake hawezi kumsahau.

Baadaye Waislamu waliifanya kazi ya ndege na barua kuwa ya serikali. Nuruddin Zengi, mtawala wa Sham katika karne ya 12, alipanga njiwa wa kupeleka habari baina ya miji na ngome zake, na Wamamluki wa Misri wakaendeleza utaratibu huo kwa kujenga minara ya njiwa baina ya Cairo na Damascus. Barua ziliandikwa kwenye karatasi nyembamba mno iliyoitwa kwa Kiarabu karatasi ya ndege, na ilikuwa desturi kuandika nakala mbili na kurusha njiwa wawili, ili mmoja akipotea au akikamatwa na mwewe, mwingine afike. Tunasema haya ili ijulikane kwamba ndege na posta ni jamaa wa zamani sana, na aliyeanza kuchora ndege kwenye stempu hakubuni jambo geni.

Stempu yenyewe ilianza Uingereza mwezi wa Mei mwaka 1840. Ilikuwa nyeusi, ya thamani ya peni moja, na ilikuwa na kichwa cha Malkia Victoria basi. Kabla ya hapo mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na wengi walikataa kulipa, na wengine walikuwa wajanja wakiweka alama juu ya bahasha, mpokeaji akishaiona alama anaelewa habari na kuirudisha barua bila kutoa senti. Stempu ikakata mzizi wa fitina kwa kumlipisha mtumaji kwanza. Kwa miaka mingi baada ya hapo nchi karibu zote ziliweka vichwa vya wafalme, tarakimu au ngao.

Ndege wa nchi, kwa maana ya ndege anayetambulisha mahali, alitokea Australia Magharibi mwaka 1854. Koloni lile liliweka bata-maji mweusi mwenye shingo ndefu, kwa kuwa Wazungu walizoea kuwaona bata wa namna hiyo weupe tu, na yule mweusi aliwashangaza. Mwaka uliofuata, katika stempu ya peni nne, fremu ya pembeni ilichapwa juu chini katika baadhi ya karatasi, na mpaka leo watu husema ni bata aliyepinduka, ilhali bata amekaa vizuri na kilichopinduka ni fremu. Stempu hiyo sasa ni miongoni mwa zinazotafutwa sana duniani.

Lakini kisa ambacho hutugusa zaidi ni cha New Zealand. Mwaka 1898 nchi ile ilitoa stempu za mandhari na ndege wake, na kwenye stempu ya peni tatu wakawekwa ndege wawili waitwao huia. Dume la huia lilikuwa na mdomo mfupi wenye nguvu, na jike lilikuwa na mdomo mrefu uliopinda kama jambia. Wazee wa Kimaori walivaa manyoya ya mkia wake kama alama ya heshima. Mwaka 1901 mtoto wa mfalme wa Uingereza alipotembelea huko alivalishwa unyoya wa huia katika kofia yake, na kuanzia hapo kila mwenye kofia akautaka. Ongeza misitu iliyokatwa na panya walioletwa na meli. Mara ya mwisho ndege huyu kuonekana kwa uhakika ilikuwa mwaka 1907, yaani miaka tisa tu baada ya kuwekwa kwenye stempu. Nchi ilimtangaza kwa dunia nzima, lakini haikumwokoa.

Sasa turudi kwetu. Stempu za kwanza za Uganda hazikuwa na ndege wala mfalme. Mwezi wa Machi mwaka 1895, pale Mengo, mmisionari mmoja aitwaye Ernest Millar alizipiga kwa taipureta. Ndiyo, kwa taipureta, moja moja, zikiwa na herufi U na G na tarakimu katikati, kisha karatasi ikakatwa kwa mkasi. Na tarakimu ile haikuhesabu rupia wala shilingi, ilihesabu kauri, yale makombe madogo yaliyoingia bara kwa mikono ya wafanyabiashara kutoka Pwani. Kauri 200 zilikuwa rupia moja. Waganda waliziita ensimbi, na mpaka leo Mganda akitaja pesa husema ensimbi, ingawa kauri zenyewe zimebaki kwenye makumbusho na kwa waganga. Stempu hizo za kauri zimekuwa adimu kiasi kwamba zimeghushiwa mara nyingi, kwani taipureta kuukuu si kitu kigumu kupatikana. Kijana akiuziwa moja sokoni ajue mapema kwamba karibu hakika ameuziwa uongo.

Ndege wa kwanza kuzoeleka kwenye stempu za kwetu alikuja mwaka 1935. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja, na katika seti ya mwaka huo, chini ya kichwa cha Mfalme George wa Tano, walionekana makorongo taji. Katika seti hiyo mlikuwa pia jahazi ziwani, simba, mlima Kilimanjaro na daraja la Jinja. Korongo huyo aliendelea kuonekana hata alipokuja George wa Sita. Kwa hiyo mzazi aliyepokea barua kutoka Mombasa au Tabora miaka ile alimpokea na ndege huyo.

Baada ya uhuru, huduma ya posta iliendelea kuwa moja kwa nchi tatu, na stempu za sherehe ziliandikwa majina ya nchi zote, lakini stempu za kila siku kila nchi ilijichagulia zake. Hapa ndipo tunapopenda kusimama. Kenya ilichagua wanyama mwaka 1966. Tanzania ilichagua samaki mwaka 1967. Uganda iliwatangulia, na tarehe 9 Oktoba 1965, siku ya kutimia miaka mitatu ya uhuru, ilitoa stempu 14, na zote 14 zilikuwa ndege.

Tuwataje, kwa sababu kuwataja ndiko kulikotuzindua. Senti 5 ilikuwa ya keremkeremu mweusi. Senti 10 ni yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba ni sakafu. Senti 15 mnana wa rangi ya chungwa. Senti 20 ni narina, ndege wa msituni mwenye mgongo wa kijani na tumbo jekundu, aliyepewa jina la mwanamke wa Kikhoikhoi wa Afrika Kusini na msafiri Mfaransa. Senti 30 kwarara mweupe mwenye kichwa cheusi. Senti 40 mdiria wa kifua cha buluu. Senti 50 ni bulwe, ambaye tutamrudia. Senti 65 kweche mwekundu. Shilingi moja ilikuwa ya shorobo wa milima ya Ruwenzori. Shilingi 1/30 furukombe, ambaye mlio wake unajulikana na kila mtu aliyelala karibu na ziwa. Shilingi 2/50 shorobo mkubwa wa buluu. Shilingi 5 kambu wa kifua cha zambarau. Shilingi 10 ni kasuku mdogo wa misitu ya magharibi mwenye ukanda mweusi shingoni, ambaye chakula chake ni tini za msituni, na akiwekwa kizimbani bila tini hizo hufa, kwa hiyo wafuga ndege wamemshindwa. Na shilingi 20, stempu kubwa kuliko zote kwa thamani, akapewa korongo taji, ndege wa bendera.

Wakazi wa Kampala watauliza, na kaloli je? Yule mwenye kipara na mfuko shingoni anayekaa juu ya majalala yetu kama hakimu? Hayumo. Waliochagua walikuwa na haya, au pengine kaloli hakuhitaji tangazo.

Ndugu zetu wa Kongo nao wana hazina yao. Mwaka 1963 posta ya Kongo ilitoa seti ya ndege wanaolindwa, na miongoni mwao, pamoja na mwari, kanga, karani na hondohondo, alikuwepo tausi wa Kongo. Kisa cha ndege huyu kinastahili kusimuliwa darasani. Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, James Chapin, akiwa katika msitu wa Ituri, aliona unyoya ndani ya kofia ya mwenyeji ambao hakuweza kujua ni wa ndege gani. Akauhifadhi. Ikapita miaka 23. Mwaka 1936 akiwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, aliona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wamebandikwa karatasi inayosema ni tausi wachanga wa Kihindi. Akautazama ule mkia na zile mbawa, akatambua kuwa unyoya wake umepata mwenyewe. Mwaka 1937 akarudi Kongo na kumpata ndege huyo porini. Kabla ya hapo vitabu vilisema tausi ni wa Asia tu. Wenyeji wa msitu walikuwa wakimjua siku zote, na hilo tunaomba lisisahaulike kila kisa hiki kinaposimuliwa kuwa ni ugunduzi.

Burundi nayo ilitoa seti yake ya ndege mwaka 1965.

Sasa tuseme kwa nini sisi walimu wa madrasa tumeingia katika mambo haya. Mzee mmoja wa msikiti wetu, karani mstaafu, alipofariki, Allah amrehemu, familia yake ilituletea kopo la biskuti lililojaa stempu alizokata kwenye bahasha za ofisini kwa miaka mingi. Walisema, hizi ni za watoto. Tulipozichambua na wanafunzi tulipata 11 kati ya wale ndege 14, nyingi zikiwa na mihuri inayosomeka: Masaka, Fort Portal, Jinja, Mbale.

Hapo yakaanza majadiliano. Baadhi ya wazazi walisema ziuzwe, paa la darasa linavuja. Ni hoja nzito, nasi hatukuidharau. Tukaulizia bei, tukaambiwa kwamba stempu za senti za miaka ile zilichapwa kwa wingi mno, na zilizopigwa muhuri hazina bei ya kutengeneza hata kona moja ya paa. Wazazi wengine waliuliza kuhusu picha za viumbe. Suala la picha lina maneno marefu ya wanavyuoni na hapa si mahali pake, kila mzazi amuulize shekhe anayemwamini. Kopo likabaki darasani, na paa tulilitafutia njia nyingine, alhamdulillah.

Kisha tukawauliza wanafunzi swali jepesi. Katika hawa 11, nani umemwona kwa macho yako, si kwa picha wala kwenye simu? Furukombe alipata mikono mingi, na mnana pia. Kwarara wengi. Bulwe, mkono mmoja, na huyo alimwona katika bustani ya wanyama Entebbe. Tukauliza pia kuhusu korongo taji, ambaye stempu yake hatukuwa nayo lakini yuko kwenye bendera, kwenye ngao ya taifa na kwenye jina la timu ya taifa ya mpira. Watoto waliomwona porini walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Tukawatuma wakawaulize babu na bibi zao. Majibu yalikuja tofauti kabisa: makundi kwa makundi, mashambani, baada ya mavuno, wakicheza kwa kurukaruka. Bibi mmoja alisema kwao walikuwa wengi hata hawakuhesabiwa kuwa kitu.

Na hilo linakubaliana na wataalamu. Korongo taji wa kijivu aliorodheshwa mwaka 2012 kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Sababu zake si siri. Ndege huyu hutaga katika vinamasi, na vinamasi vinakaushwa kwa ajili ya mashamba na majengo. Makinda na mayai huchukuliwa ili wauzwe au wafugwe. Wengine hutegeshewa sumu kwa sababu hula mbegu zilizopandwa, na mkulima masikini ana haki ya kuhofia mbegu zake. Wengine hutafutwa kwa mambo ya ushirikina, kwa kuwa wanajulikana kukaa wawili wawili, basi mjinga akadhani sehemu ya mwili wa ndege itamrudishia mke. Korongo wa aina hii hulala juu ya miti, jambo ambalo jamaa zake wa nchi nyingine hawawezi, kwa kuwa yeye ana kidole cha nyuma cha kushikia tawi. Kwa hiyo anahitaji kinamasi na mti pamoja. Ukimwachia kimoja umemnyima makazi.

Bulwe hali yake ina sura nyingine. Ni ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mnene mfano wa kiatu, anayeweza kusimama saa nzima bila kutikisika akingoja kambare-mamba atoke kupumua. Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Victoria, wavuvi walikuwa wakiamini kwamba ukimwona bulwe siku hiyo hupati samaki, basi wakamwua. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuamini mkosi wa ndege, na hapa tuna mfano wa hai wa madhara ya imani hiyo. Mwaka 2006 Mabamba iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye umuhimu, na wavuvi wa hapo wamekuwa wakilipwa kuwapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama ndege yule yule waliyemkimbia. Mkosi umegeuka riziki.

Kwa vijana wanaotaka kuanza, tunatoa tahadhari moja. Kuanzia miaka ya 1960 na kuendelea, nchi nyingi changa, pamoja na za kwetu, ziliingia mikataba na makampuni ya ng'ambo yaliyochapa stempu kwa ajili ya wakusanyaji tu. Ndiyo maana mwaka 1985, ulipofika mwaka wa 200 tangu kuzaliwa mchoraji wa ndege Audubon, nchi nyingi zilizo mbali na Marekani zilitoa stempu za michoro yake. Nyingi ya stempu za namna hiyo hupigwa muhuri kiwandani, hazijawahi kugusa bahasha. Utazitambua: muhuri safi mno kwenye kona, na nyuma gundi bado ipo. Zinapendeza, lakini hazisemi chochote kuhusu nchi. Sisi tunapendelea stempu chafu kidogo yenye muhuri wa mji, kwa sababu hiyo ilifanya safari.

Stempu iliyo kwenye bahasha usiing'oe kwa kucha. Kata karatasi kuizunguka, iloweke katika maji ya uvuguvugu mpaka ijiachie, ianike kifudifudi juu ya karatasi safi, kisha ibane ndani ya kitabu kizito usiku mmoja. Ishike kwa kibano, kwani mafuta ya vidole huiharibu. Zile za kisasa zinazojigandisha zenyewe hazitoki kwa maji, ziache na kipande cha bahasha. Na bahasha yenye anwani ya kale inayosomeka usiikate kabisa, ihifadhi nzima.

Katika seti yetu ya mwaka 1965 zinakosekana tatu: shorobo mkubwa wa shilingi 2/50, kasuku wa shilingi 10, na korongo taji wa shilingi 20. Thamani kubwa kama hizo zilibandikwa zaidi kwenye vifurushi na barua nzito za ndege. Kwa hiyo tunawaomba wenye wazee waliokuwa wakipokea vitabu au vitambaa kwa posta miaka ile watazame chini ya masanduku, kwenye karatasi za kufungia. Atakayeipata asiitoe kwanza, atuletee tuione ikiwa juu ya karatasi yake, na wanafunzi wausome muhuri.